Furaha Haisubiri Bili Ziishe

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na mhudumu wetu wa familia kwenye mkutano wa Jumamosi hapa Louisville. Tumeyaandika kwa ajili ya wale waliokuwa kazini siku hiyo.

Najua Jumamosi ndiyo siku ya kufua, ya kwenda sokoni, ya kusuka watoto nywele na ya kulala kidogo, kwa hiyo kila aliyeketi hapa ameacha kitu nyumbani. Sitawachosha.

Wengi mnanijua kama yule wa ofisini anayewasaidia kujaza fomu na kumpigia simu mwenye nyumba. Wengine mnajua pia kwamba nilikulia Nyarugusu, na kwamba nilishuka uwanja wa ndege nikiwa nimebeba mfuko mweupe wa IOM kama ninyi. Nasema hivyo ili mjue kwamba sikuyasoma haya darasani tu.

Nimeombwa nizungumze juu ya furaha na kuridhika katika maisha haya ya mbio. Wiki niliyoombwa, mezani kwangu kulikuwa na barua ya kukata umeme, barua ya mtoto aliyesimamishwa shule, na mama mmoja aliyekuwa na miezi minne hajalala usiku mzima. Kwa hiyo sikuja kuwaambia mtabasamu na kumshukuru Mungu, halafu niende zangu. Kushukuru mnajua kuliko mimi. Nimekuja tuzungumze juu ya vitu tunavyoweza kushika kwa mikono.

TUMEZOEA KUSUBIRI

Kambini tulisubiri. Tulisubiri siku ya mgao, tulisubiri maji, tulisubiri mahojiano, tukasubiri majina yabandikwe ubaoni. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Wapo watu walioingia pale wakiwa na mimba ya kwanza, wakaondoka wakiwa na wajukuu. Miaka yote hiyo tulikuwa tukisema: maisha yataanza tukipata nchi.

Nchi tumepata. Lakini sikilizeni tunavyosema leo. Nikimaliza deni la ndege, nitapumzika. Nikipata kadi ya kijani, nitatulia. Nikinunua gari. Nikipata uraia. Nikinunua nyumba. Kadi ya kijani tunaomba baada ya mwaka mmoja hapa, na uraia kwa kawaida baada ya miaka mitano. Mtu anaweza kutimiza kila kitu kwa wakati wake na bado akawa amejinyima miaka mitano mizima, watoto wamekua na yeye hajawaona wakikua. Mwili umetoka kambini, lakini ile tabia ya kusubiri tumekuja nayo.

Na kuna jambo jingine la kukumbuka. Kule, pamoja na taabu zote, watu walicheka. Kulikuwa na kwaya, kulikuwa na mpira, kulikuwa na harusi zilizochezwa vumbini mpaka usiku. Asitoke mtu hapa akasema nimesifu kambi. Mgao ulipunguzwa, na akina mama waliogopa kwenda kuokota kuni. Ninachosema ni kwamba kule tulikuwa na muda bila pesa, na hapa tuna pesa kidogo bila muda. Ile furaha haikutoka kwenye mgao. Ilitoka kwenye muda tuliokaa pamoja. Basi tuanze na muda.

HESABU YA WIKI

Wiki ina masaa 168, kwa tajiri na kwa maskini. Mtu anayefanya kazi siku sita, masaa 10 kila siku, ametoa 60. Basi la kwenda na kurudi, masaa mawili kwa siku, ni 12. Akilala masaa sita tu kila usiku, ni 42. Amebaki na 54, na humo kuna kupika, kuoga, kufua, kliniki, kanisa au msikiti, shule ya watoto na barua za serikali. Sasa chukua na hesabu ya mwenzake wa zamu ya usiku, uziweke pamoja, uone ni masaa mangapi wote wawili wako nyumbani na wako macho.

Nilifanya hesabu hiyo na familia moja. Wameniruhusu niwaeleze, na nimebadilisha mambo madogo ili msiwatambue. Baba alikuwa ghalani mchana, mama kwenye kiwanda cha nyama usiku. Walikabidhiana watoto mlangoni, mmoja akivua koti na mwingine akivaa. Mambo ya nyumba waliandikiana kwenye karatasi juu ya friji. Hesabu yao ilitoa masaa matatu kwa wiki. Mtoto wao wa miaka mitano aliambiwa na mwalimu achore familia yake. Alimchora mama amelala na baba amesimama mlangoni.

Asubuhi moja baba alisinzia kwenye usukani akagonga nguzo. Mungu alimsaidia, hakuumia, lakini gari liliharibika. Ndipo walipokuja ofisini, na walikuja wakiuliza jinsi ya kupata gari jingine. Tulikaa na karatasi. Nikawauliza: hii ovataimu mnaifanya kwa ajili ya nini? Walitazamana. Hakuna aliyekuwa na jibu.

Ovataimu ni tamu, tusidanganyane. Sheria ya nchi hii inasema wafanyakazi wengi wanaolipwa kwa saa, wakipita masaa 40 kwa wiki, kila saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu. Lakini tulipoandika kila dola, tuliona kwamba sehemu kubwa ya ile pesa ya ziada ilikuwa inalipa gari la pili, bima yake na mafuta yake, na chakula cha kununua kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu ya kupika. Walikuwa wanafanya kazi zaidi ili walipie gharama za kufanya kazi zaidi.

Baba aliacha ovataimu ya Jumamosi. Mama aliomba zamu ya mchana, akasubiri miezi mitatu mpaka nafasi ikapatikana. Gari la pili hawakununua tena; anachukuliwa na jirani, nao wanachangia mafuta. Pesa imepungua. Mwezi wa kwanza walikopa kwa shemeji ili wamalizie kodi ya nyumba. Lakini jioni wanapika bugali na wanakula wote wanne, na baba anasema siku hizi anajua mwanawe anapenda nini.

Sisemi kila mtu aache ovataimu. Wengine hapa bila hiyo kodi hailipiki. Nasema ipeni jina na ipeni tarehe ya mwisho. "Hii ni ya deni la ndege, mpaka mwezi wa sita." "Hii ni ya ada ya chuo cha binti yangu, mpaka Desemba." Tarehe ikifika, rudi nyumbani. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Wengi wetu jua tunalijua vizuri. Ni kile kivuli ambacho hatujawahi kukikalia.

SIMU YA SAA KUMI USIKU

Wakati wa baridi, ikiwa saa sita mchana Kigoma, hapa ni saa kumi za usiku. Ndugu hajui. Yeye anaona ni mchana, anapiga. Mtoto anaumwa, ada imefika, mgao umekatwa, mtu amefariki. Wewe una masaa mawili ya kulala kabla ya kazi. Unaahidi pesa ambayo huna, halafu usingizi unaondoka.

Kusaidia nyumbani ni heshima yetu, na hakuna mtu wa ofisini atakayekuambia uache. Kutoa ni moyo. Ila moyo nao unahitaji mpango. Familia zinazopumua kidogo nimeona zinafanya mambo matatu. Wanapanga kiasi kimoja cha kila mwezi, mume na mke wakikubaliana, na kiasi hicho kinajulikana hata kule. Wanaweka pembeni kidogo kwa ajili ya msiba na ugonjwa, kwa sababu hivyo havipangi siku. Na wanachagua siku ya simu, kama Jumapili asubuhi, ambapo kule ni jioni na watu wametulia. Usiku simu inakaa jikoni. Kwa jambo la dharura kweli, mtu mmoja wa kule anakuwa na ruhusa ya kupiga mara mbili mfululizo, nanyi mtajua.

Halafu kuna picha. Tunapiga picha tumeegemea gari ambalo bado ni la benki, tunaipeleka WhatsApp, kisha tunashangaa watu wakiomba pesa. Wafanyeje? Wanaamini walichokiona. Mwambie mdogo wako ukweli: nalipwa kiasi hiki, kodi inachukua kiasi hiki, kinabaki hiki. Mara ya kwanza anaweza asiamini. Mwonyeshe risiti. Ukweli unapunguza mzigo wenu nyote wawili, kwa sababu naye hatakaa akifikiri umemsahau kwa makusudi.

Deni la ndege pia linawaondolea wengi usingizi. Kumbukeni halina riba. Kama kiasi cha mwezi kinakuzidi, usitupe zile barua. Zilete ofisini, tupige simu pamoja tuombe kiasi kipunguzwe. Barua iliyofungwa inatisha kuliko iliyofunguliwa.

"NITAFURAHIJE NA WAO WAKO KULE?"

Mzee mmoja aliniambia hivi: "Mwanangu, unanifundisha furaha. Wanangu wawili bado wako kambini. Nikicheka hapa, nitakuwa nacheka nini?"

Sikumjibu haraka, maana hilo ndilo swali lenyewe. Wengi wetu tumeacha mtu. Kuna aliyeacha mtoto aliyekuwa kwenye kesi nyingine. Kuna aliyeacha kaburi. Kesi za kuunganisha familia zinachelewa, sheria zinabadilika, na mimi siwezi kumwahidi mtu yeyote tarehe. Anayekuahidi tarehe na kukuomba pesa anakudanganya.

Lakini nilimwambia mzee kitu kimoja, nami nawaambia ninyi. Ukikosa kula leo, wale watoto kule hawashibi. Ukikosa kucheka, kesi yao haitembei. Kinachowasaidia ni baba mwenye afya anayeweza kujibu barua, kwenda kwenye miadi na kusubiri miaka bila kuvunjika. Siku ndege yao ikitua, watahitaji kumkuta mtu mzima wa mwili na akili, mwenye marafiki, anayejua basi linapita wapi. Kujitunza ni sehemu ya kuwasubiri.

Na huzuni yako usiifiche. Huzuni na furaha zinakaa nyumba moja. Msibani kwetu watu hulia, na usiku huohuo kuna mzee anayesimulia vituko vya marehemu mpaka watu wanacheka. Hakuna aliyesema wanamkosea heshima.

MWILI, BARIDI NA GIZA

Kigoma au Uvira, mchana na usiku vinakaribia kulingana mwaka mzima. Hapa mwezi wa kumi na mbili mwanga wa jua unakaa kama masaa tisa na nusu tu. Mtu anaingia kiwandani giza, anatoka giza. Ukijisikia mzito na usingizi hauishi, si uvivu wala si kwamba umerogwa. Miili yetu haikuzoea.

Toka nje wakati wa mapumziko ya mchana, hata dakika 15, hata kama jua ni dhaifu. Fungua mapazia asubuhi. Watoto wavishe vizuri, wacheze nje. Mwulize daktari kuhusu vitamini D. Na usikae peke yako: wazee wengi miezi ya baridi hawaoni mtu zaidi ya televisheni. Aliye na gari ampitie mzee wa jirani Jumapili. Wakati wa joto, waliopata kipande cha bustani ya jamii mwaka jana walivuna lengalenga mpaka wakagawa, na akina mama wale waliniambia kilichowaponya zaidi kilikuwa kupiga soga wakipalilia.

WATOTO WASIBEBE NYUMBA

Watoto wetu wanajua Kiingereza kabla yetu, basi tunawafanya wakalimani wa kila kitu. Mtoto wa miaka kumi anamweleza mama yake alichosema daktari. Anasoma barua ya kufukuzwa nyumba. Halafu tunashangaa hachezi, au anaanza kuwajibu wazazi kama yeye ndiye mkubwa.

Hospitali zinazopokea pesa za serikali kuu zinatakiwa kukupa mkalimani bila malipo, na shule za umma vilevile. Msingi wake ni sheria ya haki za raia ya mwaka 1964. Ukifika mapokezi, sema neno moja, "Swahili", na usubiri. Wakikuambia mtumie mtoto, kataa kwa adabu. Wakikataa wao, tupigie simu. Ukimwondolea mtoto mzigo huo, umemrudishia utoto wake, na wewe umerudi kuwa mzazi.

KURIDHIKA SI KUNYAMAZA

Naomba hapa tuelewane. Kuna watu watakaokuambia: ridhika, ulikotoka kulikuwa kubaya zaidi. Bosi anayekunyima pesa ya ovataimu atakuambia hivyo. Mwenye nyumba asiyetengeneza hita mwezi wa kwanza atakuambia hivyo. Huko siko kuridhika, ni kuonewa.

Kuridhika ni kujua kinachotosha nyumbani kwako bila kupimwa na nyumba ya jirani. Fulani alikuja baada yetu na tayari ana nyumba. Sawa, mpongeze. Hujui analala masaa mangapi. Wewe kaa na mwenzako muulizane: kwetu sisi, kinachotosha ni nini? Kodi imelipwa, watoto wanasoma, tunakula pamoja siku tatu kwa wiki, tunatuma nyumbani kiasi hiki. Kiandikeni. Mkikifikia, mfurahi siku hiyohiyo. Haki yako uidai, na kilichopo mezani ukile kwa furaha. Mambo hayo mawili hayagombani.

HUZUNI ISIYOONDOKA

Mwisho, na hili nalisema polepole. Uchovu wa kazi ukipumzika unapungua. Lakini kuna huzuni nyingine. Ikiwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, huna hamu ya kitu chochote, hulali au unalala kupita kiasi, chakula hakipiti, yale mliyoyaona vitani yanarudi usiku, au unafikiri afadhali usingekuwepo, huo ni ugonjwa na unatibika. Kwa Kiswahili unaitwa sonona. Si wazimu, wala si upungufu wa imani. Mtu anaweza kusali na bado akaenda kwa daktari, kama afanyavyo kwa malaria.

Wanaume, nawaambia ninyi hasa. Wengi mnaificha kwenye chupa. Pombe inakupa saa mbili za kusahau na inachukua usingizi wa usiku mzima.

Mwambie daktari wako wa kawaida, kwa mkalimani. Hataruhusiwa kumwambia bosi wako bila idhini yako. Ukiona mambo yamekuzidi usiku, piga 988. Ni bure, usiku na mchana. Wakipokea, sema "Swahili", watatafuta mkalimani kwenye simu. Na ukiona mwenzako amebadilika, amenyamaza, anagawa vitu vyake, usiseme "atapoa". Nenda ukakae naye, umuulize waziwazi kama anafikiria kufa. Kumuuliza hakumpandikizi wazo hilo. Kunamfungulia mlango.

KABLA HATUJANYWA CHAI

Sitaki mtoke hapa na mambo kumi. Chagueni moja. Anayeweza kupanga siku ya simu, apange wiki hii. Anayeweza kuipa ovataimu tarehe, aiandike kwenye kalenda leo. Anayeweza kula mara moja kwa wiki na watoto wake huku simu zimewekwa kwenye chumba kingine, achague siku, na siku hiyo asiiuze kwa supavaiza yeyote.

Wale wenye bili au barua wasizozielewa, nitakaa pale karibu na dirisha mpaka saa kumi na moja jioni. Mkalimani wa Kinyarwanda na Kirundi yupo pia. Mama zetu wameleta maandazi na chai ya tangawizi, na watoto wamekwishaanza bila sisi. Karibuni.